Jina la Siti lina maana gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, tumejaliwa mtoto wa kike, na mama mkwe ameomba tumwite Siti, jina la marehemu mama yake. Wenzangu kazini wanasema ni jina la kizee, tena shuleni atataniwa kuwa ni kiti cha basi. Naomba kujua maana yake, na kama bado linatumika.
Msomaji, Tanga

JIBU: Hongera, dada, kwa kujaliwa mtoto. Siti ya kwenye basi na jina la mwanao vinafanana kwa sauti tu: neno la basi limetoka katika Kiingereza, na jina limetoka katika Kiarabu, ambako sitt ni bibi, mwanamke mwenye heshima zake. Wamisri walimwita mwimbaji wao Umm Kulthum al-Sitt, bila kuongeza neno, na kila mtu alimjua anayetajwa.

Kwetu, uzito wa jina hili unaonekana zaidi katika maisha ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, na katika ujana wake alitembeza vyungu akiviuza; Siti ni jina alilolipata baadaye, katika safari yake ya uimbaji. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili, na santuri zake zikasikika pwani nzima. Aliyeanza maisha akiitwa Mtumwa alifariki mwaka 1950 akiitwa Bibi, na kwangu mimi hiyo inatosha kulipenda jina hili. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, nacho kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Ama kuhusu uzee, desturi ya pwani ni kumpa mjukuu au kitukuu jina la mkubwa wake, kwa hiyo jina la kizee ndilo hasa linalotafutwa. Utawakuta pia akina Mwanasiti na Mwasiti, na huko Indonesia na Malaysia Siti hutangulia majina mengi ya wanawake, kama Siti Aisyah na Siti Khadijah.

Utani wa watoto hauepukiki kwa jina lolote. Mwombeni mama mkwe awasimulie habari za mama yake, mziandike, ili binti akiulizwa jina lake limetoka wapi, aanze na Siti wa nyumbani kwao kabla ya Siti wa Fumba.