Gari limerudishwa, na uzuri umeondoka nalo

Shangazi shikamoo, niko Sakina, Arusha. Mchumba wangu ni dereva wa watalii, nilimjua ana Land Cruiser ya kampuni, sasa masika wageni hamna gari kalirudisha anapanda vifodi, na mimi namuona hata sura imepungua. Nina roho mbaya?

Marahaba mwanangu. Macho tu yanakuchezea. Mwaka 1920 mwanasaikolojia Edward Thorndike wa Marekani alionyesha maofisa wa jeshi wakimsifu askari kwa jambo moja wanampandishia alama na mengine, ndo wewe sasa, uliona gari ukamjazia na utanashati (gari lenyewe la bosi!). Akiwa hana kitu anakwambia ukweli au anajificha? Anakuchekesha bado? Angalia sahivi, maana Juni wageni wakirudi hutaona kitu.