Njia ndefu ya faili: niifupisheje?

SWALI: Natumia Emacs kuhariri faili zilizo kwenye seva ya mbali. Kila mara naandika /ssh:mhariri@203.0.113.7#2222:/srv/tovuti/kurasa/habari/ kisha jina la faili. Nikikosea nukta moja tu, muunganisho unagoma. Je, naweza kuipa njia hiyo jina fupi?
Msomaji aliyechoka kuchapa

JIBU: Waweza, ila usianzie ndani ya Emacs. Wengi hukimbilia kujaza vifupisho kwenye mipangilio ya kihariri. Vinafanya kazi, sikatai, lakini siku ukitaka kunakili faili kwa scp au rsync, vifupisho hivyo havitambuliki huko. Mimi huikata njia vipande viwili: seva naiachia SSH (programu inayokuunganisha na seva ya mbali), folda naiachia Emacs.

Kwenye kompyuta yako, si kwenye seva, fungua ~/.ssh/config uandike:

Host tovuti
    HostName 203.0.113.7
    User mhariri
    Port 2222

Hifadhi. Sasa njia yako ni /ssh:tovuti:/srv/tovuti/kurasa/habari/ na tarakimu zote zimekwenda zake. Jina hilohilo linafanya kazi kwa ssh, scp, rsync na git. Mwenzako anayetumia kihariri cha Vim naye ataandika scp://tovuti//srv/tovuti/ na kuendelea. Mikwaju miwili baada ya jina ni ya makusudi, maana ukiweka mmoja, Vim itaanza kutafuta kwenye folda yako ya nyumbani. Seva ikihamia anwani nyingine, unabadilisha mstari mmoja basi.

SSH ikilalamika kuhusu ruhusa za faili hilo, endesha chmod 600 ~/.ssh/config. Na kama una fungu la Host * lenye mipangilio ya seva zote, liweke mwisho kabisa: SSH hushika thamani ya kwanza inayokutana nayo, kwa hiyo fungu hilo likitangulia litayafunika ya chini yake.

Imebaki folda. Ifungue katika Emacs, bonyeza C-x r m (yaani Ctrl na x kwa pamoja, kisha r, kisha m) ili kuweka alamisho, andika "habari", kisha Enter. Kuanzia hapo C-x r b na neno habari vinakufikisha. Kwa kawaida Emacs huandika alamisho kwenye diski inapofungwa, kwa hiyo ikizimika ghafla alamisho mpya zinapotea. Mimi siipendi tabia hiyo. Ongeza (setq bookmark-save-flag 1) kwenye mipangilio yako, kila alamisho ihifadhiwe papo hapo.

Kama seva yako inafikiwa kwa kupitia seva nyingine, ongeza mstari wa ProxyJump na jina la hiyo ya kati katika fungu lilelile. Unahitaji OpenSSH 7.3 ya mwaka 2016 au mpya zaidi. Na faili la mfumo lisilokubali kuhifadhiwa kwa jina lako, lifungue hivi: /ssh:tovuti|sudo:tovuti:/etc/hosts, mradi seva imekupa ruhusa ya sudo, yaani ya kufanya kazi kama msimamizi.