Kitufe nimekificha, pampu imewakaje?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa zamu katika kiwanda cha mafuta ya kula hapa Vingunguti. Kwenye skrini ya pampu nimeweka sharti: kitufe cha WASHA kionekane tu valvu ya kunyonyea ikiwa wazi na tangi likiwa juu ya asilimia 20. Mafuta yakikaribia hapo kitufe kinacheza, mara kipo mara hakipo. Mwenzangu kaniambia niweke ucheleweshaji wa sekunde 5, yataisha. Halafu juzi pampu imewaka yenyewe wakati kitufe kimejificha. Sharti langu lina kosa gani?

Jibu: Marahaba. Sharti lako ni zima. Umelibebesha kazi isiyo yake.

Hilo la kucheza ni dogo. Uso wa mafuta hautulii, sensa inasoma 19.8, 20.1, 19.9, na skrini inatii kila namba. Tenganisha mipaka: kitufe kitokee tangi likifika 23, kipotee likishuka chini ya 20, na katikati kibaki kilivyokuwa. Fanya uamuzi huo ndani ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, skrini iachiwe biti moja tu ya kusoma, yaani 0 au 1. Zile sekunde 5 za mwenzako zitakachofanya ni kukuachia kitufe kwenye skrini wakati tangi limeshashuka.

La pampu ndilo linalonichosha, maana nakutana nalo karibu kila ninapoitwa. Watu wanaamini kitufe kisichoonekana hakibonyezeki. Ndugu yangu, umeshusha pazia ukadhani umefunga mlango. Amri ya kuwasha inaweza kutoka kwenye skrini ya ofisini, au kwenye swichi ya mkono pale kwenye paneli. Lakini kwako nashuku kitu kingine: kitufe cha kushikilia, kile kinachoandika 1 ukikibonyeza na 0 ukikiachia. Kikifichwa kidole cha opareta kingali juu yake, kwenye baadhi ya programu ile 0 haiandikwi. Biti inabaki 1 ndani ya PLC. Pampu ikisimama kwa ovalodi, ile kinga ya mota iliyozidiwa, mtu akaja akairudisha hiyo kinga, pampu inaondoka yenyewe. Siku hiyo omba Mungu asiwepo mtu aliyeingiza mkono kwenye kapulingi, pale mota inapoungana na pampu.

Kwa hiyo weka zuio kwenye PLC: mguso wa valvu (swichi inayosema iko wazi) na kiwango cha tangi vikae njiani mwa amri, kimoja kikipotea pampu isimame, awe ameibonyeza nani au kutoka wapi. Amri yenyewe isomwe pale tu biti inapopanda kutoka 0 kwenda 1. Ukishamaliza, rudi kwenye skrini, na hapo wala usikifiche kitufe. Kifanye kijivu, chini yake andika "Valvu ya kunyonyea imefungwa". Opareta wa usiku aliyekosa kitufe anaanza kugusagusa vitu. Aliyeambiwa sababu anakwenda kufungua valvu.

Najua mchezo huu wa kuficha umeanzia wapi. Wapo wanaouza skrini zilizokwisha tengenezwa, za kwenye flashi, zenye mapambo yanayotokea na kupotea kama taa za harusi. Unabadilisha tagi, yaani majina ya data za PLC, unakabidhi kazi, unachukua hela. Hakuna anayeuliza sharti litajibu nini taarifa isipofika.

Kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere waliniita kwa sababu tangi la molasi lilikuwa limefurika sakafuni. Nikakuta opareta anakunywa chai, skrini imetulia, haina hata onyo moja. "Mbona iko safi," akaniambia. Namba ya kiwango ilikuwa 64, na ilikuwa 64 tangu alipoingia zamu. Panya alikuwa ametafuna kebo ya mtandao. Ile pembetatu nyekundu ya TANGI LIMEJAA iliwekewa sharti la kuonekana kiwango kikizidi 90, na 64 haijawahi kuzidi 90.

Waya wa sensa ukikatika mambo ni yale yale. Sensa inayotuma umeme wa miliampia 4 tangi likiwa tupu na 20 likijaa, ikianguka hadi 0, hesabu inakupa asilimia hasi 25, na onyo lako la kujaa linalala usingizi. Ndiyo maana chini ya miliampia 3.6 husomwa kama sensa mbovu, haisomwi kama tangi tupu. Kila kitu ulichokificha kwa sharti kinahitaji sharti la pili: mawasiliano yakikatika au kipimo kikiwa kibovu, kitokee, na alama ya kuuliza juu yake.

Omba ruhusa kwa msimamizi, simamisha pampu zote, kisha chomoa kebo kati ya PLC na skrini, uhesabu hadi 60. Kama skrini bado inakuonyesha kiwanda kimetulia, usinitumie tena picha ya sharti. Nitumie programu ya PLC.