Jiwe la Pete Lichague kwa Kuutazama Mkono

Wiki hizi nusu ya maswali ni ya pete za uchumba. Wenye mpunga Kyela wameshauza, nadhani. Nimechukua machache.

Shikamoo fundi. Nataka kumvisha mchumba wangu pete ya tanzanaiti kwa sababu ni jiwe la kwetu. Yeye analima viazi hapa Uyole. Itadumu?

Marahaba. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Tanzanaiti ni nzuri, duniani kote inachimbwa Mererani tu, na uzalendo wako naupokea. Ila ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ukwaruzikaji kuanzia 1 hadi 10, ni kati ya 6 na 7. Mchanga wenyewe, ambao sehemu kubwa ni kwatzi, ni 7. Vumbi la shambani kwenu linatosha kuikwaruza. Tena ina upande ambao ikigongwa hupasuka kama kuni kavu, na haipendi kutoka kwenye joto kali ikaingia maji baridi.

Kuna mama aliniletea ya kwake baada ya miaka mitatu. Kingo za mkato zilikuwa zimelika kama kipande cha sabuni, uso umefifia kama kioo cha daladala chakavu, pembe moja haipo. Alikuwa akisugulia masufuria mchanga na majivu nayo ikiwa kidoleni. Nikamuuliza, mbona huivui? Akanishangaa: "Pete ya uchumba inavuliwa?"

Haivuliwi, kweli. Kwa hiyo tanzanaiti mnunulie hereni, na kidoleni weka safaya au rubi. Hayo mawili ni madini ya aina moja yaliyotofautiana rangi, ugumu wake 9, na hayana ule upande wa kupasukia. Safaya zipo huku huku kusini, Tunduru na Songea, buluu, njano, kijani, hata za waridi. Halafu mwambie sonara alizungushie jiwe ukingo wa dhahabu pande zote, asiweke vikucha vinne virefu vya kunasa sweta kila asubuhi ya Juni.

Topazi je? Nimesoma ugumu wake ni 8. (Msomaji, Njombe)

Ni 8 kweli, na bado hupasuka kwa pigo moja la pembeni. Kukwaruzika ni jambo moja, kupasuka ni jingine.

Nimekutumia picha WhatsApp, niambie kama safaya hii ni halisi.

Sijui. Hata wewe uliyeishika hujui. Safaya za kiwandani zimekuwepo zaidi ya miaka 100, zina ugumu ule ule na uzito ule ule, na picha ya simu haiwezi kuzitenganisha na za ardhini. Chini ya lenzi ya mara 10 mtaalamu huweza kuona mistari iliyopinda au viputo, na hata hapo mengine humshinda, hupelekwa maabara. Picha msinitumie tena, simu yangu imejaa.

Kijana wa stendi ameniuzia rubi nyekundu kubwa kwa bei ya mbuzi wawili. Sonara anakataa kuitengeneza. Kwa nini?

Sonara wako ni mwaminifu, mshike huyo. Rubi kubwa, nyekundu, safi, haiuzwi kwa mbuzi, labda kwa ng'ombe na zizi lake. Ninachoshuku ni rubi yenye nyufa iliyojazwa kioo chenye madini ya risasi. Machoni inapendeza. Ikikaribia moto wa sonara kile kioo kinaharibika, na hata ndimu ya kachumbari inakila, nyufa zinarudi zote. Jiwe ni la ardhini, hapo hakusema uongo. Ni kwamba nusu ya uzuri wake ni dirisha.

Mnaponunua, nendeni kwenye masoko ya madini au kwa dalali mwenye leseni, na mdai karatasi inayosema jiwe limefanyiwa nini. "Halisi" peke yake si jibu.

Safaya yangu imechomwa. Nimeibiwa?

Hapana. Safaya nyingi sokoni zimechomwa, yaani zimepitishwa kwenye moto mkali ili rangi ipendeze, na rangi hiyo haitoki wala jiwe halidhoofiki. Umeibiwa kama ulilipa bei ya isiyochomwa.

Sina hela ya rubi na sitaki bandia. Nifanyeje? (Msomaji, Mafinga)

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hili. Spineli! Watu wanaipita kwa sababu jina halijulikani, lakini ugumu wake ni 8, haina upande wa kupasukia, na mara nyingi haijachomwa wala kupakwa kitu. Ile "rubi" kubwa ya mbele kwenye taji la wafalme wa Uingereza ni spineli, walidanganyika karne nyingi. Za Mahenge, ng'ambo ya Ifakara, zina waridi inayowaka, nazo bei imepanda tangu yapatikane yale mawe makubwa mwaka 2007. Chukua ndogo, au yenye rangi ya zambarau au kijivu, ambayo wengi hawaigombanii. Karati moja, yaani gramu 0.2, inatosha kidole chochote.

Zumaridi?

Kwa mwenye mfanyakazi wa kuosha vyombo. Ina nyufa za kuzaliwa, na nyingi zimetiwa mafuta, ambayo sabuni na maji ya moto huyaondoa.

Tukiachana kabla ya ndoa, jiwe linarudishwa?

Muulize mshenga.