Lami mpya nyumbani: usihofie gari, hofia kiti

Tulipoweka lami kutoka getini hadi barazani, hapa Mbezi, ilikuwa Februari na jua la Dar mnalijua. Wasiwasi wangu wote ulikuwa gari. Nikaliegesha kwa jirani siku nne nzima, nikajiona mjanja.

Jumapili ya pili tukawa na kikao cha harusi ya mdogo wangu. Uwanja umependeza, tukapanga viti vya plastiki juu ya lami. Wageni walipoondoka nikakuta vishimo vinne vinne, kama kundi la mbuzi limepita kwenye tope. Alipokaa baba mkubwa, ambaye mwili anao, kiti tulikinyofoa.

Fundi nilipompigia alicheka kwanza. Lami ikipoa unaiona ngumu, lakini ule weusi unaoshika kokoto hukomaa taratibu, kwa miezi, na jua la saa saba huulainisha tena. Tairi ni pana, tena linapita likaenda zake. Mguu wa kiti unakaa palepale kwa saa tatu, uzito wote kwenye ncha. Stendi ya pikipiki ni hivyo hivyo, na jeki, na ngazi. Siku hizi nina kipande cha ubao pale getini. Bodaboda akija anaegemeza stendi juu yake. Wengine wananiona mnoko, sawa tu.

Gari lenyewe lina kosa moja kubwa: kukata stelingi likiwa limesimama. Tairi linasaga mahali pamoja na kokoto zinang'oka. Acha lianze kutembea ndipo ukate. Na usiliegeshe palepale kila siku wiki za mwanzo. Jua likizidi, mwagia maji. Hayaikomazi lami, yanaipoza tu, lakini kwa mchana ule yanasaidia.

Sasa mafuta ya taa. Watoto waliingia na malapa yao, vigae vya sebuleni vikajaa nyayo nyeusi. Tukasugua kwa mafuta ya taa, zikatoka vizuri kabisa. Kisha mtu (sitamtaja, tunalala chumba kimoja) akamwaga ndoo ile nje, juu ya lami. Lami nayo ni zao la mafuta ghafi, kwa hiyo iliyeyuka. Kesho yake pale palikuwa na kokoto za kuzoa kwa mkono. Dizeli inayovuja kwenye gari hufanya vilevile, tena kimyakimya. Lami ikikushika miguuni au mikononi, tumia mafuta ya kula, halafu sabuni.

Kingo pia ziangalie: zikining'inia bila kitu ubavuni, tairi likikanyaga zinameguka. Mimi nilijaza udongo na kuushindilia.

Vile vishimo, vingi vilijifuta nilipopitisha gari juu yake polepole mchana wa jua kali. Vya baba mkubwa bado vipo. Mvua ikinyesha vinajaa maji, kuku wanakunywa.