Muulize Mama wa Kambi: "Nimefunga viwanja vya kando ya kijito, sasa nashambuliwa"

SWALI: Shikamoo Mama. Nasimamia kambi ya mapumziko yenye viwanja 34 vya kupiga hema ndani ya msitu wa umma. Msimu huu nimefunga viwanja 9 vya kando ya kijito, nimepanga mawe magari yasifike hadi kwenye hema, na nimekataza kuni za kutoka nje. Malalamiko hayaishi. Juzi imeletwa barua yenye saini za familia 20 zinazokuja hapa tangu kabla sijaajiriwa. Wanasema nimewaharibia kambi yao. Mkuu wangu anasema nisijibu, watazoea. Nifanyeje?
Msimamizi mpya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua hiyo ijibu wiki hii. Nimesimamia kambi za msituni kwa miaka 19 na sijaona mtu aliyezoea kwa sababu alinyamaziwa. Niliowaona ni waliosukuma mawe usiku na kuingiza gari palepale.

Neno lao, "kambi yetu", lisikuudhi. Mtu aliyemfundisha mwanawe kuwasha moto kando ya kijito kile amepokonywa kitu, hata kama ulikuwa na haki ya kukifunga. Ukimrushia kifungu cha kanuni, hutakuwa umemjibu.

Waalike wote waliotia saini. Waambie waje na picha zao za zamani. Nilipofanya hivyo mimi, mzee mmoja alileta picha ambayo binti yake mdogo amesimama kwenye majani yanayomfika kiunoni. Tukaenda kusimama mahali hapohapo. Palikuwa peupe kama sakafu, mizizi imechomoza, na ukingo wa kijito umemomonyoka. Mzee aliitazama picha, akatazama chini, akakaa kimya muda mrefu. Mimi sikuongeza neno.

Kisha chukua msumari mrefu na kikombe cha maji. Pale hema zilipokuwa zikisimikwa, msumari utagoma kabla haujazama hata urefu wa kidole. Sogea hatua kumi, mahali pasipokanyagwa, utaingia hadi kichwani. Mwaga maji pande zote mbili: huku yatatuama kisha yateremke kijitoni na udongo, kule yatanywewa. Mizizi midogo inayonyonya maji hukaa zaidi kwenye tabaka la juu la udongo, na hilo ndilo tunalolishindilia kwa miguu na magurudumu. Mti haufi msimu huohuo. Hukauka kuanzia kileleni baada ya miaka, wakati hakuna tena anayekumbuka chanzo, na tawi kavu linaning'inia juu ya hema la mtu aliyelala.

Jambo hili si geni. E. P. Meinecke, mtaalamu wa magonjwa ya miti wa Marekani, aliliona kwenye misitu ya redwood, miti mirefu mno, ya California mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1932 akaandika namna ya kupanga kambi: barabara ya njia moja, kila familia na mahali pake pa kuegesha, mawe na magogo ya kulizuia gari lisitangetange. Mawe yako ni wajukuu wa mawe yale.

Watakuomba mzungushe viwanja, hiki mwaka huu, kile mwakani. Ni ombi la watu waungwana, lakini likatae. Sehemu kubwa ya madhara hutokea mwanzoni kabisa eneo linapoanza kukanyagwa, na kupona huchukua miaka mingi. Ukizungusha, utabaki na viwanja vingi vilivyochakaa badala ya vichache. Waeleze hivyohivyo, watu wazima hawa, wataelewa.

Kuhusu kuni, bandua gome la gogo moja wavione vijia vya wadudu. Mbawakawa wa kijani aliyegunduliwa Michigan, Marekani, mwaka 2002 ameshaua mamilioni ya miti, na kuni za wasafiri ni mojawapo ya njia anazosafiria. Lakini nikuulize: umeweka kuni kambini? Kama hukuweka, watakata miti michanga, na hapo lawama ni yako.

Sasa nikwambie kosa langu, maana bado linaniuma. Mwaka nilioweka mawe, mama mmoja aliandika mara mbili kwamba mawe "yanatutesa". Nikaziweka barua zake pamoja na za wapinzani wengine. Mara ya tatu alinisubiri bombani na mumewe aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mwanya kati ya mawe ulikuwa mwembamba kuliko kiti. Siku nne mumewe alikuwa hajafika bombani wala chooni bila kubebwa. Tulisogeza mawe mawili kwa mtaimbo, kazi ya nusu saa. Tangu hapo kila lalamiko nalisoma nikijiuliza kama mtu huyu anaililia kambi ya zamani au ananionyesha nilipokosea. Barua yako ya saini 20 ina vyote viwili, nina hakika. Isome tena ukiwa na kalamu.

Katika jibu lako taja viwanja vilivyofungwa kwa namba, sababu, na mwezi utakaokwenda kuvikagua tena. Kama unajua havitafunguliwa, usiandike "kwa muda". Wakigundua, hawatakuamini tena hata ukiwaambia mti unaanguka. Na kama kuna ulichokosea, kianze hicho.

Mkuu wako mpelekee nakala kabla hujaituma, umweleze kwa heshima kwamba ukimya utawagharimu ulinzi wa usiku.

Wikiendi ya kwanza ya msimu, Ijumaa jioni, usikae ofisini. Hapo ndipo wanafika wamechoka, watoto wanalia, na wanakuta kamba kwenye kiwanja chao. Wawahi langoni wewe mwenyewe, na ule msumari uwe mfukoni.