Jibu: Nimekwama kuchambua tangazo la zamani la Volkswagen

Salaam ndugu. Nimekuelewa: umepewa tangazo la Volkswagen la mwaka 1960, lile la "Lemon", ukaandika "picha inavutia na maneno ni mazuri", mwalimu akakurudishia kazi. Mimi pia nilikuwa nakwama hapo hapo hadi nilipoanza kutenganisha picha na maneno.

Kwanza ziba maneno kwa karatasi. Unaona nini? Gari moja tu, picha haina rangi, hakuna dereva, barabara wala mrembo pembeni. Matangazo mengi ya magari Marekani enzi zile yalichorwa kwa rangi, gari likirefushwa kuliko lilivyo. Kwa hiyo nafasi hii tupu imekusudiwa.

Sasa ziba picha, usome. Kichwa cha tangazo ni neno moja, "Lemon", yaani limau, lakini Mmarekani akiliita gari hivyo anamaanisha ni bovu tangu kiwandani. Hapa ndipo penye utamu. Jicho halioni kasoro, kichwa kinasema ipo, basi msomaji anashuka mwenyewe kwenye maandishi madogo kuitafuta. Anakuta ukanda wa kromu kwenye kisanduku cha dashibodi una doa, mkaguzi kalikataa gari, na kwamba kiwandani Wolfsburg, Ujerumani, wako wakaguzi 3,389. Itazame hiyo namba: hawakusema "zaidi ya elfu tatu". Inaonekana imehesabiwa, ndiyo maana inaaminika.

Futa "inavutia". Andika tangazo linamfanya msomaji afanye nini, kisha tupia aya yako ya kwanza hapa niisome.